Barua ya wazi kwa wenye redio mpya za Kihispania za wahafidhina: mlipeni fundi kabla ya bango

Kwa wakurugenzi, wawekezaji na washauri wa vyombo vipya vya habari vya Kihispania vya mrengo wa kulia, Miami na kwingineko Marekani.

Salamu kwanza. Nawaandikia kwa Kiswahili, na sijakosea anwani. Biashara yenu yote mmeijenga juu ya hoja moja: neno zito humwingia mtu sawasawa likisemwa kwa lugha ya nyumbani kwao. Hoja hiyo naikubali, ndiyo maana nami nimetumia ya kwetu. Wakalimani Miami hawakosekani.

Naishi Kissimmee, Florida ya kati, naendesha lori la kiwanda cha kufulia. Saa tisa za usiku napakia mashuka na taulo, na jua likichomoza nimeshazunguka hoteli kumi na mbili za watalii. Redio ndiyo utingo wangu. Kihispania nimejifunzia humo garini na kwa wenzangu kazini, ambao wengi wametoka Puerto Rico, Venezuela na Mexico. Kabla ya kuja huku niliuza matangazo ya redio kwa miaka tisa katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Kwa hiyo sikio moja nililonalo ni la msikilizaji, na jingine ni la mtu aliyetembea duka kwa duka na kitabu cha risiti kwapani.

Niseme mapema kwamba itikadi yenu siyo iliyonifanya nishike kalamu. Wapo watakaowaambia kuwa mhafidhina wa Kihispania ni kiumbe wa kubuni. Waongo hao. Mimi nakaa nao. Wanakwenda kanisani Jumatano na Jumapili, wana gari la kuuzia chakula au kampuni ya watu watatu ya kupaka rangi nyumba, na wakisikia neno "ujamaa" wanakumbuka foleni ya unga waliyosimama wao wenyewe Caracas au Havana. Kwa hesabu za kituo cha utafiti cha Pew, Trump alipata kura 36 katika kila 100 za Walatino mwaka 2020, na mwaka 2024 akapata 48. Kaunti ya Miami-Dade, ambayo Hillary Clinton aliichukua mwaka 2016 kwa tofauti ya karibu pointi 30, Biden aliponea kwa 7 hivi mwaka 2020, na mwaka 2024 ikaenda kwa Trump. Watu mnao. Ninachotilia shaka ni daftari lenu la hesabu.

Machi 2022, Americano Media ilipoanza kusikika kwenye redio ya satelaiti ya SiriusXM, niliisikiliza kwa hamu ya mtu wa fani. Mwanzilishi wake, Ivan Garcia-Hidalgo, aliwahi kumtetea Trump kwenye vyombo vya habari wakati wa kampeni ya 2016, na hakuficha alichokitaka: mtandao wa kitaifa wa wahafidhina kwa Kihispania, utakaokuwa kwa Walatino kile ambacho Fox News ni kwa wasemao Kiingereza. Zikatajwa dola milioni 18 za wawekezaji. Wakaajiriwa watu wapatao 80, baadhi yao sauti zilizozoeleka Miami kwa miaka mingi. Kisha mwaka 2023 ikatangazwa kampeni ya kujitangaza yenye thamani ya dola milioni 20.

Hapo nilisimamisha lori. Fedha ya kuanzia 18, fedha ya kujinadi 20. Mwenzangu aliyekuwa ananisubiri kwenye gati la hoteli akaniuliza kuna nini, nikamwambia hawa wamenunua ngoma kubwa kuliko nyumba ya kuichezea. Akacheka, hakuelewa. Mwaka huohuo haukuisha kabla hazijatoka habari za kupunguza wafanyakazi na mishahara iliyokwama.

Mtasema hiyo ni kampuni moja, na ninyi ni wengine. Sawa. Lakini najua kwa nini naona giza, kwa sababu giza hilo niliwahi kulala ndani yake.

Redio tuliyokuwa nayo kule nyumbani ilikuwa ndogo. Mnara mmoja, studio mbili, jenereta linalokohoa. Tulikuwa na vipindi vya salamu, bei ya mahindi na nazi sokoni, taarabu Alhamisi usiku, na kila siku saa saba mchana na saa moja jioni, matangazo ya misiba. Fulani bin fulani amefariki, mazishi saa kumi alasiri, habari ziwafikie ndugu wa Pangani, Lushoto na Mombasa. Kila tangazo lililipiwa kiasi kidogo, kiasi ambacho hata mjane aliweza kukitoa. Kidogo hichohicho, kikizidishwa kwa vifo vya wilaya nne, ndicho kilichonunua dizeli.

Miezi kumi na minne kabla ya uchaguzi, tajiri mmoja aliyekuwa anautaka ubunge akainunua redio. Yakaja maikrofoni mapya, viti vinavyozunguka, na watangazaji kutoka Dar es Salaam waliolipwa mara tatu ya sisi wenyeji. Mabango yakasimama barabara nzima kutoka stendi hadi bandarini. Mshauri wake, kijana mwenye suti ya kubana, akakagua ratiba ya vipindi akauliza, "Hii misiba ya nini?" Ikaondolewa, nafasi yake wakakaa watu wanne wanaobishana siasa.

Mimi mauzo yangu yalipanda kuliko wakati wowote. Nilidhani nimekuwa bingwa. Wenye maduka waliokuwa wakinizungusha miezi mitatu kwa tangazo moja sasa walinipigia simu wenyewe. Kamisheni ile ndiyo iliyoezeka nyumba ya mama.

Bwana yule akashindwa. Mwezi wa kwanza baada ya matokeo mshahara ulikuja nusu. Wa pili haukuja. Nikamwendea mteja wangu mkubwa, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikamwomba aendelee na tangazo lake la mabati. Akanikalisha, akaniagizia chai, akasema, "Mwanangu, mimi sikuwa nalipa ili watu wanunue mabati. Nilikuwa nalipa ili bosi wako anione. Sasa yeye mwenyewe haonekani."

Hayo ndiyo niliyotaka mwajue kabla ya mambo mengine yote. Fedha ya msimu wa siasa ina rangi ileile ya fedha ya biashara, inahesabika vilevile, inaingia benki ileile. Tofauti yake huijui mpaka siku inapoacha kuja. Nilirudi kwa wasikilizaji sasa, nikidhani nitaanza upya na mama ntilie na mafundi cherehani. Wasikilizaji hawakuwapo. Walikuwa wameondoka na misiba yao, wakaenda kwenye redio ya jirani iliyokuwa inaisoma.

Fundi mitambo wetu alikaa miezi mitano bila malipo. Alikuwa na ufunguo wa kibanda cha mnara. Siku moja akaweka santuri moja ya taarabu ijirudie yenyewe, akafunga mlango, akaenda kuvua. Siku kumi na moja mji mzima ulisikia wimbo uleule mpaka dizeli ikaisha. Wengine wanasimulia kama kichekesho. Mimi sijawahi kucheka.

Sasa nirudi kwenu.

Mnaitaja sana Fox News. Basi itajeni yote. Ilipoanza Oktoba 7, 1996, mmiliki wake, Rupert Murdoch, hakukaa akisubiri watu wa kebo wamwonee huruma. Aliwalipa wao ili wambebe, karibu dola 10 kwa kila mteja waliyemfikishia chaneli, kinyume kabisa na desturi ya wakati ule, na akavumilia hasara miaka kadhaa. Faida ilipokuja, sehemu kubwa haikuja kwenye matangazo. Ilikuja kwenye ile ada ndogo ambayo kila nyumba yenye kebo inailipa kila mwezi, iwe inaitazama Fox au haiitazami. Ninyi mnaingia sokoni wakati watu wanakata kebo, na kijana wa Kilatino hajawahi kuwa nayo hata ya kukata. Ada hiyo nani atawalipa?

Tena Murdoch mwenyewe amejaribu Kihispania. Mwaka 2010 ilifunguliwa tovuti ya Fox News Latino, na mwaka 2012 ikaja televisheni ya MundoFox, kwa ubia na RCN ya Kolombia. Mwaka 2016 tovuti ilifungwa, na televisheni, ambayo ilikuwa imeshabadilishwa jina kuwa MundoMax, nayo ikazimika mwaka huohuo. Yule ambaye mnataka kumwiga, mwenye mfuko kuliko ninyi wote mkichangishana, alishindwa kwenye soko hilihili. Sijaona mkutano wenu hata mmoja na waandishi ambapo jambo hilo limejibiwa.

Msidhani nawaonea kwa sababu ya mrengo. Upande wa pili nao una kaburi lake. Air America, redio ya mrengo wa kushoto, ilianza Machi 2004 kwa vishindo, mwaka wa uchaguzi kama kawaida, ikaomba kinga ya mufilisi mwaka 2006 na Januari 2010 ikanyamaza. Walikuwa na watu wenye majina. Walikuwa na hasira ya kutosha. Hasira hailipi umeme.

Sasa tuongee kuhusu anayesikiliza. Kwenye maandiko yenu ya kuwavuta wawekezaji mnapenda kuanza na idadi: Walatino zaidi ya milioni 60, soko kubwa, halijaguswa. Mimi niliwahi kuandika maandiko kama hayo, najua utamu wake. Lakini katika hao, karibu 6 kati ya kila 10 wana asili ya Mexico, na Wakuba hawafiki 1 kati ya 20. Mkikaa Miami mnaona kinyume, kwa sababu Miami Mkuba ndiye mwenye benki, ndiye mtangazaji. Mkichukua kipindi cha Miami na kukirusha Texas na California mtakuwa mnampikia mtu wa Kigoma chakula cha Lamu na kumwambia ashukuru maana ni cha kwao. Hata basi hawaliiti kwa jina moja. Mkuba na Mpuertoriko wanasema "guagua". Mmexico anasema "camión". Na kwa Mchile "guagua" ni mtoto mchanga. Sisi tunaosema daladala huku jirani anasema matatu tunajua kwamba kwenye maneno kama hayo ndimo msikilizaji anapokukamata kuwa wewe si wa kwao.

Na kuna jambo gumu zaidi kwenu. Pew walipowauliza watu wazima wa Kilatino mwaka 2023 wanapata habari kwa lugha gani, 54 katika kila 100 walisema zaidi kwa Kiingereza, 21 zaidi kwa Kihispania, na 23 kwa zote mbili sawasawa. Mtoto wa mwenzangu wa Maracaibo, Venezuela, anamjibu baba yake kwa Kiingereza hata akigombezwa kwa Kihispania. Mhafidhina kijana anayejua Kiingereza ameshapata watangazaji wake huko, wengi na wa bure. Anayebaki kwenu ni mzee, au mgeni aliyefika juzi. Wote wawili ni wasikilizaji wazuri, waaminifu kuliko wote, lakini siyo wale mnaowachora kwenye vitabu vyenu vya rangi.

Mgeni huyu aliyefika juzi ndiye ninayetaka tukae naye kidogo.

Karibu na uwanja wa ndege wa Miami kuna mji wa Doral. Wavenezuela wamejaa pale mpaka watu wanauita Doralzuela. Trump ana hoteli na viwanja vya gofu palepale. Wengi wa Wavenezuela hawa walipata ulinzi wa muda wa kutofukuzwa nchini, ule wa TPS, kuanzia Machi 2021, na kundi jingine likaongezwa mwaka 2023. Wengi wa wale ambao walishapata uraia walimpigia kura Trump kwa moyo mweupe, wakiamini anamchukia Maduro, mtawala waliyemkimbia, kama wao. Mwaka 2025 serikali yake ikaufuta ulinzi wa lile kundi la 2023, watu wapatao 350,000, na Mei 19 Mahakama ya Juu ikairuhusu kuendelea wakati kesi bado iko mahakamani. Siku chache baadaye mahakama hiyohiyo ikaruhusu pia kuondolewa kwa vibali vya watu zaidi ya 500,000 kutoka Kuba, Haiti, Nikaragua na Venezuela.

Wiki ile nilikuwa nabadilisha stesheni kila dakika. Nilitaka kusikia redio za wahafidhina za Kihispania zitamwambia nini mtu ambaye juzi zilimwambia amtume mjomba wake mwenye uraia akampigie kura Trump. Mwenzangu wa Maracaibo alikaa pembeni yangu kwenye lori, simu mkononi, anatafuta kitu kimoja tu: kibali cha kazi cha shemeji yake kinaisha lini, na aende wapi. Nilichosikia mara nyingi kilikuwa ni mabishano ya nani wa kulaumiwa. Asubuhi yote. Tarehe hakuna. Fomu hakuna. Jina la ofisi inayotoa msaada wa kisheria bure hakuna. Mwishowe alizipata kwa binamu yake, kwenye kundi la WhatsApp, kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne.

Mngeweza kuwa ujumbe ule wa sauti. Hakuna msimamo wa kihafidhina unaozuia kutaja tarehe. Mngeweza kusema kwamba sera hiyo ni sahihi, ni haki yenu kusema hivyo, halafu mkamleta wakili asome hatua moja baada ya nyingine, na hoteli zote za Kissimmee zingekuwa zimefungulia ninyi. Msiba ndio huu. Kila redio ina msiba wake wa kusoma saa saba mchana, na anayeutoa kwenye ratiba ili watu wanne wapate mahali pa kubishana, kile nilichokiona mimi kitamkuta naye.

Tazameni Puerto Rico. Kimbunga Maria kilipopita Septemba 2017, umeme ukakatika kisiwa kizima, simu zikafa, lakini WAPA Radio ya 680 AM ilibaki hewani. Watu walifika studioni kwa miguu na karatasi zenye majina ya ndugu zao ili zisomwe. Majirani zangu wengi hapa walikuja baada ya kimbunga kile, na ukiwatajia redio hiyo wanabadilika sura. AM, wimbi ambalo Ford walitaka kuliondoa kwenye magari yao mapya mpaka wabunge wakapiga kelele mwaka 2023. Hakuna aliyewauliza watu wale kama WAPA ni ya kulia au ya kushoto. Waliuliza kama mtambo una dizeli.

Kuhusu nani anamiliki nini, sitakaa sana, ila niseme. Mwaka 2022 kampuni ya Latino Media Network ilipotangaza kununua stesheni 18 za TelevisaUnivision kwa dola milioni 60, ikiwemo Radio Mambí ya Miami, mlilipuka. Mlisema fedha nyingine inatoka kwa kampuni yenye uhusiano na mfuko wa George Soros, tajiri anayefadhili mrengo wa kushoto, na mlisema kweli. Baadhi ya watangazaji wa Mambí wakahama, na Americano ikawapokea kwa shangwe. Mlikuwa na haki ya kuuliza. Basi nami nauliza vilevile: wenu ni nani? Sheria ya mawasiliano ya 1934 inataka tangazo la kulipiwa redioni litajwe mlipaji wake. Mimi nataka zaidi ya hapo. Someni majina ya wenye hisa hewani, kwa Kihispania, mara moja kwa mwezi. Anayemtajia mwenzake baba yake hadharani asimfiche wa kwake.

Na ukweli, ambao watu wa mauzo hudhani ni kazi ya chumba cha habari peke yake. Aprili 2023 Fox ilikubali kuilipa kampuni ya Dominion dola milioni 787.5 kwa yale yaliyosemwa hewani kuhusu mashine zake za kura baada ya uchaguzi wa 2020. Fox ina uwezo wa kulipa na kesho yake ikarusha taarifa kama kawaida. Ninyi wenye milioni 18 kesi moja ya namna hiyo inawamaliza. Na ninyi mna kishawishi cha pekee, kwa sababu Smartmatic, kampuni nyingine iliyosingiziwa katika sakata lile, ilianzishwa na Wavenezuela, na porojo za kuihusisha na Chávez, aliyekuwa rais wa Venezuela, zina wanunuzi wengi sana Doral. Ajirini mhariri mwenye sauti ya kukataa. Mlipeni vizuri kuliko mtangazaji wa asubuhi. Najua mtacheka.

Matangazo yenu pia nimeyasikiliza, maana mkono uliozoea hauachi. Redio za wahafidhina za Kiingereza zinaishi kwa sarafu za dhahabu, vidonge vya lishe na mito ya kulalia, kwa kuwa msikilizaji wao ni mstaafu mwenye akiba anayeogopa kuipoteza. Msiyatafsiri tu hayo matangazo. Mwenzangu wa Maracaibo hana akiba ya kuhamishia kwenye dhahabu. Ana kodi ya nyumba, ana fedha ya kutuma kwao kila Ijumaa, ana jino linalomuuma tangu Pasaka. Daktari wa meno wa barabara ya Vine, fundi matairi, mwanamke anayejazia watu fomu za kodi kabla ya Aprili 15, hao ndio wateja wenu wa miaka kumi. Wanalipa kidogo. Wanahitaji mtu wa kuwaendea mguu kwa mguu, awasikilize, awarekodie tangazo kwa lafudhi ya kwao, arudi mwezi ujao kuchukua hundi. Kazi hiyo haina picha nzuri ya kumwonyesha mwekezaji. Nimeifanya, viatu vyangu vinajua.

Mtu mmoja akishika mfuko wote, redio ni mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sisi wasikilizaji wa Kiswahili tuliona Machi 2025, amri moja kutoka White House ilipowapeleka wafanyakazi wa Sauti ya Amerika likizo ya lazima na idhaa yetu ya Kiswahili ikanyamaza. Bibi yangu mdogo, aliyeisikiliza tangu ujana wake, alidhani redio yake imeharibika, akampelekea fundi. Radio Martí, ambayo tangu 1985 inawatangazia Wakuba kwa fedha ya serikali ya Marekani, iko chini ya wakala uleule wa serikali unaosimamia Sauti ya Amerika, na ikaguswa na amri hiyohiyo. Ilibidi watu wenye ushawishi Miami wahangaike hadi ikarudi. Hao walikuwa na rafiki mkubwa. Rafiki naye ana siku zake.

Ninachowaomba kinaingia kwenye ukurasa mmoja. Kabla hamjalipia bango la kwanza kwenye barabara ya I-4, wekeni mishahara ya miezi kumi na miwili ya watayarishaji, wahariri na mafundi kwenye akaunti ambayo mkurugenzi hawezi kuigusa bila saini ya mwakilishi wao. Wawekezaji watawaambia hiyo ni fedha iliyolala. Mwambieni anayesema hivyo aje aongee nami, nitampeleka kwa mtu aliyeezeka nyumba ya mama yake kwa kamisheni ya kampeni kisha akauza mabati hayohayo kununua tiketi.

Mkishindwa hilo, basi kuweni wakweli kwa mnaowaajiri. Mwambieni kijana anayeacha kazi yake kwenye televisheni ya Telemundo au kwenye stesheni ya mtaa kwamba hii ni kazi ya miezi kumi na minane, inaisha Novemba ya uchaguzi, mshahara ni huu, na baada ya hapo kila mtu na njia yake. Wapo watakaokubali. Mwanakandarasi wa kampeni anajua anachokiingia. Aibu ipo kwenye kumwambia mtu unajenga mtandao wa kizazi wakati mkataba wa masafa umekodishwa kwa miezi.

Novemba 2026 kuna uchaguzi wa wabunge, kisha 2028 wa rais. Najua simu zimeshaanza kupigwa, na vijana wenye suti za kubana wameshakagua ratiba. Mkija Florida ya kati, stendi ya malori yetu iko nyuma ya kiwanda, mlango wa kijani. Tunapakia kuanzia saa tisa za usiku. Njooni na fundi wenu mitambo, nitampa kahawa, nimuulize mwenyewe kama amelipwa mwezi uliopita.

Wenu,
Dereva wa mashuka, aliyekuwa muuza matangazo
Kissimmee, Florida